Viongozi Wasiopiga Kampeni

Kwa kawaida uchaguzi wa serikali ya wanafunzi katika vyuo vikuu vya Uganda, ule ambao sote tunauita uchaguzi wa gildi, huja katika muhula wa pili, na mgeni akipita karibu na lango la chuo siku hizo anaweza kudhani kwamba nchi nzima inamchagua rais. Wagombea hubebwa mabegani, ngoma na vuvuzela hulia mpaka usiku, na rangi za vyama vya kitaifa huonekana waziwazi, kwa sababu wanasiasa wa nje hupenda kupima nguvu zao kwa vijana kabla ya kwenda kwa wazee. Julai 2022 vurugu za kampeni za gildi ya Makerere zilisababisha kifo cha mwanafunzi mmoja aliyechomwa kisu, na chuo kikasimamisha uchaguzi.

Ndani ya vyuo hivyohivyo hufanyika uchaguzi mwingine ambao wapita njia hawausikii. Jumuiya ya wanafunzi Wakristo hupata mwenyekiti, katibu, mweka hazina na waratibu wake bila bango, bila hotuba ya kujinadi, na mara nyingi bila mtu kuruhusiwa kulipeleka jina lake mwenyewe. Kamati ya uteuzi huuliza, huomba, hujadiliana, kisha huleta majina mbele ya mkutano mkuu ili wanachama wayathibitishe. Nimewahi kuwa miongoni mwa waliotajwa, na baadaye miongoni mwa waliotaja, nikatoka huko na msimamo ambao si wote niliotumika nao wanaukubali. Utaratibu huu ni bora kuliko kampeni, lakini ubora wake wote umo katika maswali ambayo kamati inauliza. Na kamati inayoacha kuuliza kwa kisingizio kwamba Mungu amekwisha kusema hufanya jambo baya kuliko gildi, kwa kuwa katika gildi angalau kura zinahesabika.

Nieleze nilikotokea, maana kunahusika. Nilikulia katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho kilichotuwezesha watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole kucheza pamoja na kugombana pamoja. Nilipofika chuoni niliona kwamba raia wenzangu wengi bado wanakihusisha Kiswahili na bunduki na vizuizi vya barabarani, ingawa Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili. Waliotaka kusali kwa Kiswahili walikuwa Wakenya, Watanzania, Wakongo wa mashariki, Warundi wachache, na sisi watoto wa kambi. Tuliunda ushirika mdogo ndani ya jumuiya kubwa, tukawa tunakutana jioni moja kila wiki katika darasa la ghorofa ya chini, nami nikapewa kuuratibu. Mengi ninayoyaandika hapa niliyaona kutoka pembeni hapo, na pembeni mtu huona mambo ambayo aliye katikati hayaoni.

Jumuiya yetu, kama zilivyo nyingi, iko chini ya mwavuli wa FOCUS Uganda, muungano wa jumuiya za wanafunzi Wakristo nchini, ambao nao ni mwanachama wa IFES, shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa kiinjili lililoundwa mwaka 1947. Watu wa nje, hasa wachungaji, hupata shida kuamini kwamba wafanyakazi wa FOCUS hawaongozi jumuiya hizi. Wanashauri, wanafundisha, wanawaalika viongozi wapya kwenye mafunzo, na mara nyingine wanakaa usiku kucha kumsikiliza mwenyekiti aliyechoka. Lakini uamuzi wa nani ahubiri, fedha zitumikeje na misheni iende wilaya gani hufanywa na vijana wenye umri wa miaka ishirini au zaidi kidogo. Mchungaji mmoja aliyealikwa kuhubiri kwetu aliniuliza kwa unyoofu kabisa, "Na mkubwa wenu yuko wapi?" Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele yake, amemshikia Biblia.

Uganda ina sababu yake ya kuwaamini wanafunzi kiasi hicho. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao historia yake hutaja mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, ulienezwa kwa sehemu kubwa na watu wasiokuwa na daraja kanisani. Mwaka 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker kule Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi waziwazi. Kilima hichohicho tangu mwaka 1997 ni makao ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, na wanafunzi wanaomba pale asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Habari hiyo hupendwa sana na viongozi wa wanafunzi, nadhani kupita kiasi, kwa kuwa kila mvutano na ofisi ya mshauri wa wanafunzi hugeuzwa kuwa Mukono ya pili. Si kila anayeombwa apunguze sauti ya spika saa nane za usiku ni shahidi wa imani. Wakati mwingine ni mtu ambaye jirani yake ana mtihani kesho.

Sasa nirudi kwenye kamati. Kamati yetu ya uteuzi ilikuwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao hawana faida yoyote katika vyeo wanavyovigawa kwa kuwa wanaondoka, pamoja na mlezi wetu, mhadhiri mwenye subira ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutuzuia tusikimbie. Vikundi vya kujifunza Biblia vilileta mapendekezo kwa maandishi. Jina lililotajwa na mtu mmoja tu halikutupwa, bali lilifuatiliwa kama mengine. Waliokuwa na masomo ya kurudia tuliwaacha, si kwa adhabu bali kwa huruma, maana mwaka wa uongozi haujawahi kumwongezea mtu saa za kusoma. Baada ya hapo wajumbe waligawana hosteli wakaenda kuuliza, nami nasema bila kusita kwamba hapo ndipo uteuzi wote ulipofanyika. Mahojiano rasmi yaliyofuata, yenye maswali ya mafundisho na ya maono, yalithibitisha tu yale tuliyokwisha kuyajua, kwa sababu kijana aliyepitia uongozi wa Scripture Union, yaani chama cha wanafunzi Wakristo, shuleni anaweza kujibu swali la maono hata ukimwamsha usingizini.

Tulikwenda, kwa mfano, kuuliza habari za dada mmoja wa mwaka wa pili, mpole, ambaye hakuwahi kushika kipaza sauti mbele ya watu. Mwenzake wa chumba alikuwa Mwislamu kutoka Arua, na alitupokea kwa mashaka, akidhani tumekuja kumhubiria. Alipoelewa tunachokitafuta, alicheka. "Dada yenu huyu," akasema, "akikuambia atarudi saa kumi na mbili, wewe injika chai saa kumi na moja na nusu." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba tangu waanze kukaa pamoja hajamsikia akimsema mtu wa jumuiya, ingawa watu wa jumuiya walikuwa wakija chumbani mle mara kwa mara kuwasema wenzao. Mjumbe mwenzangu aliyaandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyo, na kikao kilipokaa aliyasoma kwa sauti. Hakuna aliyekuwa na swali. Alithibitishwa kuwa katibu, na kumbukumbu za vikao za mwaka ule ndizo za kwanza nilizowahi kuziona zikifika kwa wajumbe kabla ya kikao kinachofuata.

Upande wa pili alikuwepo kaka ambaye jumuiya nzima ilidhani ni mwenyekiti tayari. Alihubiri vizuri mno. Akiomba, watu walilia. Majirani zake wa hosteli walituambia kwa upole, huku wakitazamana, kwamba ni mtu mzuri ila ana madeni madogomadogo kwa karibu kila mlango, na kwamba akidaiwa huwaambia waliomkopesha kwamba anawaombea. Tulipolileta jambo hilo kikaoni, wajumbe wawili walikasirika, si kwa sababu habari hizo zilikuwa za uongo, bali kwa sababu waliona tunampima mtumishi wa Mungu kwa vipimo vya duka. Neno lililotumika sana usiku ule lilikuwa upako. Mimi nilishikilia, na bado nashikilia, kwamba upako wa mhubiri na uaminifu wa mwenyekiti ni mambo mawili, kwamba Mungu anaweza kumpa mtu la kwanza bila la pili, na kwamba fomu ya kutoa fedha benki huhitaji la pili. Hatukumdharau kaka yule. Alipewa nafasi ya kuhubiri katika wiki ya misheni, akahubiri, na watu wakaokoka.

Katika kikao hichohicho mjumbe mmoja alisema kwamba ameonyeshwa katika maombi mtu anayepaswa kuwa mwenyekiti. Kila aliyewahi kutumika katika jumuiya ya wanafunzi anaujua ukimya unaofuata maneno ya namna hiyo, kwa sababu ukiuliza swali unaonekana unamhoji Mungu. Mlezi wetu alifunga kalamu yake akasema, "Asante, ndugu yangu. Basi Bwana aliyekuonyesha wewe hatashindwa kutuonyesha na sisi. Tuendelee na orodha." Tukaendelea na orodha. Sijasikia jibu bora zaidi la jambo hilo, na ningependa kila kamati ya uteuzi katika nchi hii ilikariri kabla ya kufungua kikao. Hata mitume walipotafuta wa kujaza nafasi ya Yuda, walianza kwa kuweka sharti linaloweza kuchunguzwa, kwamba awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana; wakapata wawili wanaolitimiza, na baada ya hapo ndipo wakaomba na kupiga kura.

Kamati pia hubeba mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye katiba. Katika jumuiya nyingi ninazozijua mwenyekiti huwa mwanamume, na dada mwenye uwezo uleule hufanywa makamu, au mratibu wa ukarimu, yaani mtu wa kuhesabu sahani. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba hakuna dada aliyependekezwa. Ukizisoma karatasi za mapendekezo utakuta amependekezwa, tena na wengi, ila kwa nafasi ya makamu, kwa kuwa kila kikundi kilijaza kile ambacho kilidhani kamati ingekubali. Sisi tuliibadilisha fomu. Badala ya kuuliza nani awe nani, iliomba majina ya watu waaminifu, pamoja na jambo moja ambalo kila mtu ameonekana akilifanya. Mabadiliko hayo madogo yalileta majina ambayo hayakuwahi kufika mezani, na sitadai kwamba kila mtu aliyapenda.

Suala la makabila na mataifa lilikuwa gumu zaidi, na hapa ushirika wa Kiswahili uliingia kwa njia ambayo hatukuipanga. Malalamiko yalianza kwa Wakongo. Likizo ndefu inapofika, mwanafunzi wa Mbale au Masaka hupanda basi akaenda kwao, lakini mwenzake kutoka Kivu mara nyingi hubaki hosteli, kwa sababu ya nauli au kwa sababu barabara ya kwao haipitiki kwa usalama. Jumuiya hufunga shughuli zake siku ya mwisho wa mitihani, na pamoja nazo hufungwa ule utaratibu wa kutembelea wagonjwa na kusaidia wenye shida ya chakula. Ndugu mmoja aliugua malaria katika likizo na hakuna kiongozi aliyejua mpaka muhula ulipofunguliwa. Aliyemwangalia ni mama muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, wa nje ya lango, ambaye alishangaa siku mbili hajamwona akija kununua, akatuma mtoto kuuliza.

Jibu la kwanza la kamati tendaji lilikuwa lile ambalo walio wengi huwapa walio wachache kila mahali: sisi sote ni wamoja katika Kristo, kwa hiyo hakuna haja ya utaratibu wa pekee kwa kundi lolote. Mwenyekiti wa mwaka ule, kijana wa Masaka ambaye hakujua Kiswahili, alifanya jambo ambalo nimemheshimu nalo tangu siku hiyo. Aliomba tusome Matendo ya Mitume sura ya 6, habari ya manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, kisha akauliza kwa nini wale saba waliochaguliwa, tangu Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, wote wana majina ya Kiyunani. Hakuna aliyejibu haraka. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na Waebrania wengi, na lingeweza kuunda kamati yenye uwiano, watatu huku na wanne kule, likajipongeza. Badala yake huduma ya meza iliwekwa mikononi mwa watu wenye majina ya lugha ya waliokuwa wakisahauliwa, nao wakaaminiwa kuwahudumia wote.

Kwa hiyo tukaambiwa, watu wa ushirika wa Kiswahili, tuchague wenyewe watu wa kusimamia huduma ya likizo, na tukapewa fungu katika bajeti ya jumuiya nzima. Tulichagua Mkongo, Mtanzania na mtoto mwenzangu wa kambi. Wajibu wao ulikuwa kujua nani anabaki, yuko hosteli gani, na nani mwenye ufunguo wa jiko. Wanafunzi wa Uganda waliobaki kwa sababu zao wenyewe, wapo wengi kuliko tulivyodhani, nao walihudumiwa na watu hao hao. Baadhi ya wajumbe waliona tumeligawa kundi. Mimi niliona kinyume chake, kwa sababu kuanzia hapo Wakongo walianza kuja kwenye ibada kubwa ya Kiingereza ambayo walikuwa wameiacha. Mwenyekiti naye alianza kuja kwetu, akiketi nyuma na kuimba kwa kufuata midomo ya jirani. Dada mmoja wa Tanzania alipomwamkia "Shikamoo, mwenyekiti," yeye akajibu kwa furaha kubwa, "Nzuri sana!" Hatukumsahihisha mpaka alipomaliza muda wake.

Muda wenyewe ni mfupi mno. Muhula una wiki 17, na kati ya hizo mbili za mwisho ni za mitihani. Mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Agosti, wiki za kwanza huliwa na kupokea wanafunzi wapya, ambao baadhi yao walikuwa viongozi wa dini shuleni na huja na mazoea ya kiranja mkuu. Halafu huja majaribio ya katikati ya muhula, halafu wiki ya misheni, halafu mitihani. Muhula wa pili hujirudia vilevile, ila ndani yake sasa kuna uteuzi, na baada ya uteuzi kiongozi aliyeko madarakani huwa amekwisha kupita machoni pa watu. Ukitoa siku za vikao, hicho kinachoitwa mwaka wa uongozi ni kama miezi minne ya kazi. Ndiyo maana siamini mipango mikubwa ya wenyeviti wapya, wala ile kauli mbiu inayochapwa kwenye fulana kila mwaka kwa gharama ambayo ingelipa nauli ya vikundi vyote. Ninachokiamini ni vikundi vidogo vya kujifunza Biblia, vya watu sita hadi kumi, vinavyokutana chumbani kwa mtu na kuendelea kukutana hata mwenyekiti asipojulikana jina.

Miaka ya korona ilinithibitishia jambo hilo kwa ukali. Machi 2020 vyuo vilifungwa nchi nzima kwa tangazo la siku chache. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudishwa Oktoba mwaka huohuo, wengine wakafuata kwa zamu, na Juni 2021 milango ikafungwa tena. Jumuiya ambayo maisha yake yote ni makabidhiano ya kila mwaka ilijikuta na viongozi waliomaliza masomo bila kuonana na wanaowapokea. Hati za akaunti ya benki zilikuwa na saini za watu watatu: mmoja alikuwa amerudi kijijini Nebbi, mmoja amepata kazi nje ya nchi, na wa tatu alikuwa amebadilisha namba ya simu. Kinanda kilifungiwa stoo ambayo ufunguo wake ulijulikana ulipo, lakini aliyekuwa nao hakujulikana alipo. Wanafunzi walioingia wakati huo walifika mwaka wa pili wa masomo bila kuona ibada moja kubwa ya jumuiya, na walipoambiwa habari za misheni walisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za babu yake.

Viongozi wengi walihamishia kila kitu kwenye makundi ya WhatsApp, na kwa muda lilionekana ni jambo la busara. Kisha, Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa bila kurudi, na Julai mwaka huo ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya data. Ibada ya mtandaoni ya watu mia mbili ilipungua ikawa ya watu wanaoweza kulipia. Vikundi vidogo vilivyokuwa na kiongozi mwenye namba za simu za watu wake kwenye daftari viliendelea, kwa sababu kumpigia mtu dakika tatu na kumsomea Zaburi hakuhitaji data. Vyuo vilipofunguliwa tena Novemba 2021, kamati iliyoteuliwa kwa haraka ili kuifufua jumuiya ilitoka karibu yote katika vikundi vya namna hiyo. Hakuna aliyewateua kwa mpango huo. Ndio waliokuwa wamebaki na watu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Jumuiya ya wanafunzi huishi kwa sadaka ya noti za elfu moja, michango ya wahitimu inayotumwa kwa simu, na kuomba. Hatari kubwa niliyoiona ni fedha kukaa kwenye simu ya mtu, kwa sababu simu ya mtu ndiyo anayonunulia chakula. Tulisajili laini ya jumuiya, ikawa inashikwa na mweka hazina huku namba ya siri ikijulikana na mlezi, na kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala ilibandikwa kwenye mlango wa darasa tunalosalia. Walokole wa zamani, yaani watu wa ule uamsho, walizungumza sana juu ya kutembea nuruni. Karatasi ile mlangoni ilikuwa sehemu yetu ndogo ya jambo hilo, na iliwahi kumwokoa mweka hazina mmoja kutoka katika uvumi ambao ungemfukuza kanisani.

Sasa mimi ni mhitimu, na wahitimu tuna ugonjwa wetu. Tumo kwenye kundi la simu la viongozi wa zamani, tunasikia kila jambo, na kila jambo linatukumbusha jinsi sisi tulivyolifanya. Mwaka huu kamati mpya imeamua kuipeleka misheni Karamoja badala ya wilaya tuliyoizoea, na imeunganisha ushirika wa Kiswahili na ule wa Wasudan Kusini, kwa maelezo kwamba wengi wao wanakielewa. Kwenye kundi letu watu walianza kuandika aya ndefu. Mimi nina shaka juu ya la pili, nami nilimwambia mratibu wa sasa aliponipigia simu kuniuliza. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, "Asante, dada mkubwa," kisha akaniambia kwamba wamekwisha kuamua, na kwamba alichotaka kujua hasa ni iwapo nitachangia basi. Nimechangia basi. Linaondoka baada ya mitihani, likipitia Mbale na Soroti, na nafasi iliyobaki ni ya mtu anayejua kupika posho, yaani ugali, ya watu sitini kwa kuni. Anayeweza kujitolea awasiliane na katibu wa jumuiya, si mimi.